Shajara ya mradi: Debian 13 katika chumba cha kompyuta cha shule

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mradi huu ni wa kuhamisha kompyuta za chumba cha TEHAMA cha shule yetu ya sekondari, hapa Tanga, kutoka Debian 12 kwenda Debian 13 (Debian ni mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Windows), na kuzijaribu kwa zamu sifa mpya zilizokuja na toleo hilo kabla hazijawafikia wanafunzi. Debian 13, ambayo jina lake la pili ni trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, ilhali Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023. Mwezi wa kwanza baada ya kutoka sikuigusa. Tarehe 6 Septemba likatoka toleo la masahihisho, 13.1, lililokusanya tiba za kasoro zilizobainika baada ya uzinduzi, na kwa chumba kinachotumiwa na madarasa kuanzia asubuhi hadi jioni, naona hapo ndipo pa kuanzia.

Kipimo nitakachotumia ni maisha ya chumba chenyewe. Umeme hukatika, bando hununuliwa kwa fedha za shule, na mashine zetu nyingi ni kompyuta mpakato za ThinkPad zilizokwisha kutumika kwingine, zenye RAM ya gigabaiti 4. Sifa inayopendeza kwenye kompyuta mpya yenye gigabaiti 32 huenda hapa ikawa mzigo, na ile ambayo wengi wameipita bila kuitazama huenda ikatuokolea fedha. Kwa hiyo kila sifa nitaiandikia nilichokiona kwenye mashine zetu, pamoja na uamuzi niliochukua, ili mwalimu wa TEHAMA na yeyote atakayepokea chumba hiki baadaye wajue kwa nini mambo yamepangwa yalivyopangwa.

Kompyuta mbili za mezani zimetoka kwenye hesabu tangu leo. Zina kichakata cha biti 32, na Debian 13 haina tena kerneli, yaani kiini cha mfumo, wala kisakinishi cha mashine za aina hiyo. Zitabaki na Debian 12, na zitaendelea kutumika kwa mazoezi ya kuchapa.

Maandalizi mengine ni ya kawaida: nakala rudufu ya folda za walimu imewekwa kwenye diski ya nje, maelezo rasmi ya toleo yamesomwa mwanzo hadi mwisho, na nafasi ya /boot, sehemu ya diski ambamo mfumo huanzia, imekaguliwa, kwa kuwa kerneli mpya pamoja na faili zake za kuanzia zinahitaji nafasi kubwa kuliko za zamani.

Jumapili, 14 Septemba

Mashine ya majaribio ni ThinkPad moja yenye RAM ya gigabaiti 4. Nilianza kwa kuhakikisha Debian 12 yake imesasishwa kikamilifu, kisha nikabadilisha neno bookworm, jina la pili la Debian 12, kuwa trixie kwenye faili ya vyanzo vya pakeji (vifurushi vya programu), nikaitumia apt, chombo cha kusakinisha na kusasisha pakeji, kwa kuendesha `apt update`, halafu `apt upgrade --without-new-pkgs`, na mwisho `apt full-upgrade`. Kuzigawa hatua hizi kuna faida yake, kwani ile ya katikati husasisha pakeji zisizodai kuongezwa au kuondolewa kwa nyingine, na hivyo hatua ya mwisho inayobadilisha mfumo kwa kina hukuta mambo mengi yameshatulia. Kazi yote niliifanyia kwenye skrini ya maandishi, ile inayofunguliwa kwa Ctrl, Alt na F3, kwa sababu mazingira ya GNOME yenyewe, yaani madirisha na vitufe vya kwenye skrini, yanabadilishwa yakiwa yanaendeshwa, na dirisha la terminali linaweza kuzimika katikati ya kazi.

Muda mwingi ulikwenda kwenye kupakua. Pakeji zilizoshuka zilizidi gigabaiti moja, na kama kila kompyuta ingejipakulia zake, bando la mwezi lisingefika jioni. Ndiyo maana kwenye kompyuta moja ya mezani tumeweka apt-cacher-ng, inayosikiliza kwenye mlango namba 3142: mashine ya kwanza ikiomba pakeji, hiyo huipakua kutoka intaneti na kuihifadhi, na mashine ya pili ikiomba ile ile, huipata ndani ya mtandao wa chumba bila kugusa bando. Jambo la kuangalia ni kwamba anwani za vyanzo ziandikwe kwa http na si https, kwani mawasiliano yaliyofumbwa hayawezi kuhifadhiwa njiani. Usalama haupungui kwa hilo, maana apt huhakiki saini ya orodha za pakeji bila kujali zimepitia njia gani.

Baada ya kuwasha upya, mashine imeamka ikiwa na kerneli 6.12 na GNOME 48, kutoka GNOME 43. Printa imeonekana na imechapa. Mtandao usiotumia waya umeshika wenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba

Mashine nyingine zimefuata wiki hii, mbili mbili baada ya masomo, na leo nimepata nafasi ya kuitazama apt yenyewe, iliyofikia toleo la 3.0. Wakati wa kuhama haionekani, kwa sababu kazi hiyo huanza mikononi mwa apt ya zamani. Sura mpya hujitokeza unaposakinisha kitu cha kwanza baada ya hapo. Orodha ya pakeji sasa imepangwa kwa safu wima badala ya kumwagwa kama aya moja ndefu, zinazoongezwa zina rangi ya kijani, na zinazoondolewa ziko peke yao, kwa rangi nyekundu.

Wapo watakaoliona hili kuwa pambo. Mimi naliona kuwa sifa ya usalama kwa chumba kama chetu, ambamo wanafunzi wa kidato cha tatu hufundishwa kusakinisha programu kwa amri. Hatari kubwa ya apt siku zote imekuwa mtu kubonyeza Y bila kusoma kwamba ili programu moja iingie, nyingine tano zitaondoka. Katika orodha ya zamani, maneno hayo yalijificha katikati ya majina mengi ya rangi moja. Leo nilimpa mwanafunzi zoezi nililolipanga makusudi liondoe pakeji kadhaa, akaiona ile sehemu nyekundu, mkono wake ukasita, akaniuliza kabla ya kujibu. Nimeridhika.

Sifa ya pili ni amri `apt modernize-sources`. Huichukua faili ya vyanzo yenye mistari mirefu na kuigeuza kuwa muundo mpya, ambamo kila jambo lina mstari wake: aina ya chanzo, anwani, toleo, makundi ya pakeji, na ufunguo unaotumika kuhakiki saini. Faili ya zamani huwekwa kando na kuongezewa `.bak`, kwa hiyo kurudi nyuma ni rahisi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba chanzo kinaweza kuzimwa kwa kuandika `Enabled: no`, bila kufuta chochote wala kuweka alama za reli mwanzoni mwa kila mstari, na ufunguo umefungamanishwa na chanzo chake, hivyo chanzo cha nje kikiongezwa kesho, ufunguo wake hauwezi kutumika kuhakiki pakeji za vyanzo vingine. Nimeiendesha kwenye mashine zote zilizokwisha kuhamishwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo ni siku ya /tmp, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo badiliko lililotugusa zaidi ingawa halionekani kwenye skrini.

Hadi Debian 12, folda ya /tmp, ambamo programu huweka faili zake za muda, ilikuwa kwenye diski kama folda nyingine yoyote. Katika Debian 13 imehamia kwenye RAM kwa mfumo wa faili uitwao tmpfs, na ukomo wake wa kawaida ni nusu ya RAM ya mashine. Kwenye ThinkPad ya gigabaiti 4, amri `df -h /tmp` inaonyesha gigabaiti 1.9. Faida zake ni za kweli: kuandika kwenye RAM ni haraka mno kuliko kuandika kwenye diski, na diski zetu za SSD, ambazo nyingi zimeshatumika miaka kadhaa, zinapunguziwa maandishi yasiyo na maana ya kudumu. Kuhusu kupotea kwa faili hakuna kilichobadilika, maana hata Debian 12 ilikuwa ikiisafisha /tmp kila mashine ilipowashwa.

Tatizo lilijitokeza Alhamisi, mwalimu wa taaluma alipokuja kuskani mitihani ya ndani ya miaka iliyopita ili iwekwe kwenye faili moja ya PDF. Programu ya kuskani iliendelea vizuri, kisha ikasimama na ujumbe kwamba nafasi imekwisha, ilhali diski ilikuwa na makumi ya gigabaiti yaliyo wazi. Mwalimu alishangaa, na ana haki. Hesabu yenyewe ni hii: ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi, unakuwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, na kila nukta inachukua baiti tatu, hiyo ni takriban megabaiti 26 kwa ukurasa kabla haujabanwa. Kurasa mia moja zinafika gigabaiti 2.6. Programu ilikuwa ikiziweka zote kwenye /tmp ikisubiri kutengeneza PDF, na njiani ikaijaza. Baya zaidi ni kwamba RAM iliyobaki haikukitosha kivinjari, na mashine nzima ikawa nzito.

Niliona njia tatu. Ya kwanza ni kuirudisha /tmp kwenye diski kabisa kwa `systemctl mask tmp.mount`, ambayo inafanya kazi lakini inatupa faida yote. Ya pili ni kuiwekea ukomo mdogo. Ya tatu ni kuiambia ile programu moja tu itumie folda nyingine, kwa kuianzisha ikiwa na kigezo `TMPDIR=/var/tmp`, kwani /var/tmp imebaki kwenye diski. Nimeamua kuunganisha mbili za mwisho. Kwenye mashine zote za gigabaiti 4 nimetumia `systemctl edit tmp.mount` kuweka ukomo wa gigabaiti 1, nikivibakiza vigezo vingine vya usalama vilivyokuwapo, na kwenye mashine iliyounganishwa na skana nimetengeneza kitufe cha kuanzisha programu chenye kigezo hicho cha /var/tmp. Ijumaa mwalimu alirudi na rundo lile lile la karatasi, likaisha bila kukwama.

Kwa atakayefuata: kwenye mfumo uliopandishwa toleo, zile kanuni mpya za kufuta faili kuukuu za /tmp baada ya siku 10 na za /var/tmp baada ya siku 30 hazianzi zenyewe, kwa kuwa mchakato wa kuhama huacha faili ya mipangilio inayolinda tabia ya zamani. Kwenye mashine iliyosakinishwa upya kutoka mwanzo kanuni hizo zinafanya kazi. Chumba kikiwa na mashine za aina zote mbili, tofauti hii inaweza kumsumbua mtu bila kujua chanzo chake. Aidha, faili zilizokuwa kwenye /tmp kabla ya kuhama hazifutwi. Zimefunikwa tu na ile tmpfs iliyotandazwa juu yake, na zinaendelea kula nafasi ya diski. Kuziona, nimetumia `mount --bind / /mnt` na kuingia /mnt/tmp, ambako nilikuta mabaki ya skani za kikao cha mwisho, nikayaondoa.

Jumapili, 28 Septemba

Jambo fupi. Amri `last`, tuliyokuwa tukiitumia kujua nani aliingia kwenye mashine ipi na saa ngapi, haipo tena. Muundo wa kumbukumbu zake ulihesabu muda kwa namba ya biti 32, ambayo itajaa tarehe 19 Januari 2038, na Debian 13 imehamisha hesabu ya muda kwenda biti 64 kwenye mashine za aina zote isipokuwa i386, yaani zile za biti 32 za zamani. Badala yake kuna pakeji ya wtmpdb, na amri ni `wtmpdb last`. Kumbukumbu inaanza upya siku unapoisakinisha, kwa hiyo nimezihifadhi zile za zamani kwenye diski ya nje.

Jumamosi, 4 Oktoba

GNOME 48 imeleta chaguo la kutunza afya ya betri, na hili ndilo nililolisubiri kwa hamu kuliko yote. Kwenye Mipangilio, sehemu ya umeme, kuna njia mbili za kuchaji: ya kwanza huijaza betri mpaka asilimia 100, ya pili huishikilia kwenye asilimia 80 na haianzi kuchaji tena mpaka ishuke kufikia 75 hivi. Betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zinapokaa zimejaa pomoni kwa muda mrefu, hasa mahali penye joto, na Tanga si mahali pa baridi. ThinkPad zetu hushinda zimechomekwa kwenye umeme tangu asubuhi, kwa hiyo ndizo hasa zilizokuwa zikiumia.

Chaguo hilo halionekani kila mahali. Linategemea kama kompyuta yenyewe inaruhusu mfumo kuiwekea betri ukomo. ThinkPad zote zimelionyesha. Kompyuta mpakato mbili za aina nyingine hazikulionyesha kabisa, na kwenye hizo faili ya `charge_control_end_threshold`, ambayo ingekuwa ndani ya /sys/class/power_supply, haipo. Hapo hakuna la kufanya kwa upande wa programu.

Swali gumu ni la umeme. Betri kwetu ndiyo inayoliokoa somo umeme unapokatika, na kuipunguza kwa hiari kunaonekana kama kujinyima akiba. Sikutaka kuamua kwa kubahatisha, kwa hiyo niliipima mashine iliyochoka zaidi kwa amri `upower -i`. Betri yake iliundwa kubeba wati-saa 24. Sasa inabeba 15. Asilimia 80 ya hizo ni wati-saa 12. Mashine ikiwa na terminali, kihariri cha maandishi na kivinjari chenye ukurasa mmoja, na mwanga wa skrini ukiwa wa kati, inakula wastani wa wati 7. Kwa hesabu hiyo inabaki hai kwa takriban dakika 100. Somo la vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Inatosha, tena kwa nafasi ndogo ya ziada.

Jaribio la kweli lilikuja lenyewe Jumatano. Umeme ulikatika kipindi cha kwanza kikiwa kimeanza, kompyuta za mezani zikazima mara moja, na wanafunzi waliokuwa kwenye hizo wakahamia kwa wenzao. ThinkPad zilizokuwa na ukomo wa asilimia 80 zilifika mwisho wa kipindi cha pili zote, ile iliyochoka ikiwa na asilimia 11.

Uamuzi wangu ni kwamba zinazobaki chumbani zote ziwekewe ukomo, na zile zinazoazimwa na walimu kwenda nazo nyumbani ziachwe zijae, kwa kuwa hizo hazishindi kwenye chaja. Mpangilio unadumu hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Imebidi pia nibandike karatasi ukutani, kwa sababu swali lilikuwa moja siku nzima: “Mwalimu, mbona betri imekwama kwenye themanini, chaja imeharibika?” Karatasi inaeleza sababu, na inataja mahali pa kubadilisha endapo kuna taarifa kwamba umeme utakosekana siku nzima.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo kidato cha tatu wamekutana na toleo la 3.13 la Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mara ya kwanza, baada ya kuzoea 3.11. Mahali pa kuandikia amri moja moja pamebadilika sana. Kipande cha mistari kadhaa, kwa mfano kitanzi cha `for`, sasa kinarudi chote kwa mshale wa juu na kinaweza kusahihishwa kikiwa kizima, wakati zamani ulilazimika kurudia mstari mmoja baada ya mwingine. Neno `exit` peke yake linatosha kutoka, bila mabano. Kosa linapotokea, maelezo yake yana rangi, na sehemu yenye hitilafu imepigiwa alama.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi ujumbe wa makosa unavyomfikiria mwanafunzi. Kila mwaka, darasa likifundishwa namba za bahati nasibu, kuna watakaoliita faili lao `random.py`, kisha waandike `import random` na Python ilete faili lao badala ya moduli yenyewe, na kosa linalotokea halikuwa likisema lolote la kumsaidia anayeanza. Sasa ujumbe unamwambia waziwazi kwamba jina la faili lake linafanana na moduli ya mfumo na kumshauri alibadilishe. Leo binti mmoja alikumbana nalo, akausoma ujumbe kwa sauti, akalibadilisha jina la faili mwenyewe na kuendelea. Ujumbe uko kwa Kiingereza, ni kweli, lakini ni mfupi na unataja jina la faili alilolitunga yeye mwenyewe dakika chache kabla.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yaliyobaki ya GNOME nimeyapitia leo. Arifa za programu moja sasa zinakusanywa pamoja badala ya kujaza skrini. Rangi ya vitufe inaweza kuchaguliwa, na nimeitumia kutofautisha safu za meza: safu ya mbele ni kijani, ya kati bluu, ya nyuma rangi ya chungwa, na mwalimu akisema “safu ya kijani fungueni faili” kila mmoja anajijua. Mwandiko wa mfumo umebadilika na unasomeka vizuri hata kwenye skrini zetu ndogo.

Ukurasa wa kufuatilia muda wa matumizi na kuweka ukomo wa siku hautufai, kwa kuwa akaunti moja hutumiwa na wanafunzi wa madarasa tofauti na hesabu yake haimhusu mtu yeyote. Kikumbusho cha kupumzisha macho, kinachomtaka mtu atazame mbali kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20, nimekiwasha kwenye mashine za walimu wanaojaza alama.

Dirisha la kuchagua faili lilistahili kazi zaidi. Katika GNOME mpya linaonyesha picha zenyewe kwa ukubwa wa kutosha, jambo lenye thamani kwa anayepandisha picha za pasipoti za wanafunzi kwenye fomu za mtandaoni, ambapo majina ya faili ni namba tupu kutoka kwenye kamera. Lakini Firefox iliendelea kufungua dirisha la zamani lenye orodha ya majina tu. Sababu ni kwamba Firefox hutumia dirisha lake isipoelekezwa vingine; kwenye about:config niliweka `widget.use-xdg-desktop-portal.file-picker` kuwa 1, na dirisha jipya likaja. Mwalimu aliyekuwa akifungua picha moja moja ili kumtambua mwanafunzi alikamilisha orodha ya darasa lake akiwa hapo hapo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Chumba chote kimehama, na mjadala umehamia ofisini. Tarehe 14 Oktoba Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta mpakato za ofisi ni ThinkPad kama zetu, zenye vichakata vya Intel vya kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha nane kuendelea pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Mkuu wa shule aliuliza kama kununua mashine mpya ni lazima. Nilimwonyesha shajara hii hadi hapa ilipofikia, akaruhusu tuanze na mashine ya katibu muhtasi.

Ofisi ina mahitaji yake. Barua nyingi zinaandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nimesakinisha hunspell-sw ili LibreOffice 25.2, programu yetu ya ofisi, ikague tahajia. Kamusi hiyo inasaidia kwa nomino na maneno ya kawaida, ila hupiga mstari mwekundu chini ya vitenzi vingi vilivyobeba viambishi vingi, kama vile “hawajatuandikia”, na nimemwonyesha katibu jinsi ya kuyaongeza maneno kwenye kamusi yake binafsi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ningependa sana kuona juhudi ya aina hiyo ikirudi kwenye LibreOffice ya leo, ikianzia kwenye kamusi ya vitenzi.

Barua za zamani zimefunguka vizuri. Majedwali ya matokeo ya wanafunzi ni suala jingine, kwa sababu baadhi yana makro, yaani amri za kujiendesha zilizoandikwa kwa Excel, ambazo hukokotoa madaraja na nafasi, na kosa moja hapo linamwathiri mtoto. Mashine moja yenye Windows itabaki kwa kazi hiyo pekee, ikiwa imetengwa na intaneti. Wiki ijayo nitaketi na mwalimu wa taaluma tufungue majedwali hayo kwenye LibreOffice, tukianza na kidato cha kwanza, tulinganishe kila safu na nakala zilizochapishwa muhula uliopita. Jedwali litakalotoa matokeo yale yale litahamia kwenye mfumo mpya. Lisilotoa litaandikwa upya kwa fomula za kawaida, bila makro.